Sura ya Sita: Zabibu ya Ganda Jembamba

Julai ikiingia, Embulbul inaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi kabla ya kuliona jua. Ukungu hushuka kutoka vilima vya Ngong, ukatanda juu ya mabati ya maduka na vibanda vya kuchomea nyama, na akina mama wa sokoni hufunika vichwa kwa leso juu ya kofia za sufu. Hapa ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, kilicho chini kidogo ya hapa, hupima wastani wa mwaka wa karibu nyuzi 18 za Selsiasi, na Julai wastani huo hushuka hadi 16 hivi. Mji wa Dijon nchini Ufaransa, ulio kwenye lango la kaskazini la mashamba ya mizabibu ya Burgundy, hupata karibu nyuzi 20 mwezi huohuo. Maana yake ni kwamba katikati ya mwaka mtu wa Embulbul anajikunyata huku mkulima wa Burgundy, nchi inayosifiwa kote duniani kwa mvinyo wa maeneo ya baridi, akivua koti.

Ulinganisho huo ndio unaoibeba sura hii. Vitabu vya mvinyo huzungumzia nchi za baridi kana kwamba zote ziko karibu na ncha za dunia. Huku kwetu baridi tunayo. Tunaipata kwa kupanda mlima. Nataka kuuliza baridi hii inaweza kufanya nini kwa zabibu, hasa zabibu ile inayoihitaji baridi kuliko nyingine zote nyeusi, yaani pinot noir.

Pinot noir ina vichala vidogo vilivyobanana, tunda limekaliana na tunda, na ganda lake ni jembamba. Ganda hilo ndilo asili ya sifa zake zote na taabu zake zote. Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda, na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi, hutoka huko pia pamoja na kokwa. Ganda likiwa jembamba, mvinyo huwa mwepesi wa rangi, laini mdomoni, na harufu yake hupanda mapema kuliko ladha. Lakini ganda jembamba huungua kwa jua kali na kuoza kwa mvua. Joto likizidi, sukari hupanda haraka kabla ya harufu kukomaa, uchachu hupotea, na kinachobaki ni kitu kama jemu. Joto likipungua mno, tunda haliivi. Watafiti wa hali ya hewa ya mizabibu huiweka pinot noir kwenye ukanda mwembamba wa wastani wa nyuzi 14 hadi 16 katika msimu wa ukuaji, ilhali shiraz hustahimili joto lililo juu zaidi ya hapo.

Watu wa Burgundy waliijua thamani yake mapema. Mwaka 1395 mtawala wao, Philippe le Hardi, alitoa amri mizabibu ya gamay ing'olewe. Gamay huzaa sana na hairingi, nayo ilikuwa ikiinyang'anya pinot noir ardhi nzuri. Ni amri ngumu kwa mkulima maskini anayehesabu madebe ya mavuno yake, na siwezi kumlaumu aliyeipinga. Hata hivyo mizabibu iliyobaki kwenye miteremko ile ndiyo iliyoifanya Burgundy ijulikane.

Turudi kwenye vilima vyetu. Umbali mfupi kutoka Embulbul, upande wa Karen, Karen Blixen alilima kahawa kutoka 1914 hadi 1931. Shamba lilikuwa juu mno. Baridi ya usiku na ukame viliipiga kahawa mwaka baada ya mwaka, kampuni ikaingia madeni, na mwishowe ardhi ikauzwa na kugawanywa viwanja. Wasomaji wengi wanakikumbuka kisa hicho kwa mapenzi na simba waliomo. Mimi hukisoma kama taarifa ya kilimo: ukingo huu wa ardhi ni wa baridi kiasi cha kuishinda kahawa. Basi swali linakuja lenyewe: mmea unaoitaka baridi hiyo ungefanyaje?

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu, na ugumu wake hautokani na kiwango cha joto pekee.

Mzabibu ni mti wa nchi zenye majira manne. Majani hupukutika, utomvu hutulia, na macho ya matawi hukaa wiki nyingi kwenye baridi kali kabla ya kuamka kwa pamoja joto linaporudi. Kuamka huko kwa pamoja ni muhimu sana, kwa sababu maua yakichanua wiki moja, zabibu huiva wiki moja, na mkulima huvuna mara moja tunda lililokomaa sawasawa. Dijon huwa na wastani wa nyuzi 2 hivi Januari na 20 Julai. Nairobi na viunga vyake, tofauti kati ya mwezi wa joto zaidi na wa baridi zaidi ni nyuzi 4 tu. Siku ina saa 12 za mwanga mwaka mzima. Mzabibu ukipandwa hapa haulali. Majani hukaa, macho ya nchani huchipua, ya chini husinzia, na mti mmoja unaweza kuwa na ua, tunda bichi na tunda bivu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mkulima wa ikweta hulazimika kuyatengeneza majira kwa mikono yake. Anapunguza maji, anang'oa majani, anapogoa matawi yote kwa siku chache, na mara nyingi anapaka macho dawa ya kuyaamsha ili yachipue pamoja. Tangu siku hiyo ya kupogoa hesabu inaanza: miezi minne na nusu hadi mitano kufika mavuno, ikiwa zabibu ni ya kuiva mapema kama pinot noir.

Sasa ichukue hesabu hiyo uiweke juu ya kalenda ya Embulbul. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Ukipogoa mwanzoni mwa Septemba, utavuna mwishoni mwa Januari au Februari, miezi ya jua safi, mchana wenye nyuzi 25 au 26 na usiku unaoshuka hadi 12 hivi. Kwa kuiva, sijui mkulima angeomba nini zaidi. Lakini maua yatakuwa yamechanua katikati ya vuli, na ua la mzabibu likipigwa na mvua halishiki tunda vizuri. Juu yake kuna ubwiri vinyoya, ule ukungu unaoshambulia majani yakiwa na unyevu. Ukipogoa Machi, maua yatakutana na masika, nayo ni mabaya zaidi, na matunda yatajaribu kuiva Julai na Agosti chini ya mawingu yaleyale niliyoanza nayo. Mimi ningechagua Septemba bila kusita, nikubali kupoteza sehemu ya maua ili nilipate jua la Januari.

Na kuna zawadi moja ambayo Burgundy haina. Ulaya baridi huja kwa msimu. Kwetu huja kila usiku. Uchachu wa zabibu huliwa na joto, hasa joto la usiku, kwa sababu tunda huendelea kupumua gizani na kuiunguza asidi yake. Usiku wa baridi huilinda. Tunda linaloiva kwenye mwinuko wa ikweta hupata mchana wa jua kali na usiku wa kujifunika blanketi, siku baada ya siku, mpaka siku ya kuvunwa. Huu ni ubaridi wa aina yake, na makosa ya wengi ni kuupima kwa kipimo cha Dijon.

Anayetaka kuuonja ubaridi huo kwenye chupa ya Kenya aende Naivasha. Kutoka Embulbul unaweza kuliona Bonde la Ufa kwa njia ya kushangaza: treni ya reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa Oktoba 2019 kati ya Nairobi na Suswa, huingia kwenye handaki la kilomita 4.5 hivi chini ya ardhi ya Ngong, na ikitoka mandhari huwa imebadilika, kijani cha mashamba madogo kikiwa kimeacha nafasi kwa nyasi za njano na vumbi. Lakini treni hiyo haifiki mizabibuni. Kwa gari, njia ni kupitia Kikuyu na Limuru kisha mteremko wa Maai Mahiu, ambako pembeni ya barabara kuna kanisa dogo lililojengwa 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano waliokuwa wakiichonga barabara hiyo. Ukivuka mji wa Naivasha kuelekea Nakuru unafika eneo la Morendat, kwenye kiwanda cha Rift Valley Winery kinachotengeneza mvinyo wa Leleshwa.

Leleshwa ni kichaka cha majani ya kijivu yenye harufu kali, kinachojulikana na kila mtu aliyekulia Umaasaini. Vijana wa Kimaasai hujipaka au hubana majani yake kwapani ili wanukie. Kuupa mvinyo jina hilo ni uamuzi ninaoupenda, maana unamwambia mnywaji mahali alipo kabla hajafungua chupa. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890, kimo kilekile cha Embulbul, ila huko ni ndani ya bonde, mvua ni chache zaidi na udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaopitisha maji upesi. Zabibu zilizojenga jina la Leleshwa ni sauvignon blanc kwa mvinyo mweupe na shiraz kwa mwekundu. Uteuzi huo una hekima. Shiraz ina ganda nene na haiogopi jua la ikweta linalochoma hata hewa ikiwa baridi. Sauvignon blanc nayo huishi kwa uchachu, na uchachu ndio hasa ambao usiku wa Naivasha huuhifadhi.

Mgeni anayekwenda kiwanda chochote cha mvinyo, huku kwetu au kwingine, apige simu kwanza, na akifika asiishie kwenye meza ya kuonja. Aombe kuiona mizabibu. Aulize ilipogolewa lini, huvunwa mara ngapi kwa mwaka, maji hutoka wapi, ndege huzuiwaje. Akiambiwa tarehe ya kupogoa, tayari ameambiwa tunda liliiva chini ya jua au chini ya mawingu, na atauelewa mvinyo hata kabla ya kuuonja. Mezani atapewa ndoo ya kutemea, naye asione haya kuitumia. Waonjaji wa kazi hutema kila funda. Mwenye kuendesha gari kurudi juu ya ule mteremko wa Maai Mahiu, pamoja na malori yake, hana budi kutema kila tone, au akabidhi ufunguo kwa mwingine.

Kwa ukubwa wa mashamba, Afrika Mashariki hii mji mkuu wa zabibu ni Dodoma, na Dodoma ni kinyume cha yote ninayoyasema. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha mizabibu huko Bihawana miaka ya 1950, wakitafuta mvinyo wa misa. Mwinuko ni mita 1,100 hivi, mvua ni za msimu mmoja tu, kiangazi ni kirefu na kikavu, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Makutupora, zabibu nyekundu iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha huko, imeizoea hali hiyo. Nauheshimu mvinyo wa Dodoma. Ni kazi ya wakulima wadogo kwa maelfu. Lakini pinot noir ingekufa huko.

Pinot noir yenyewe, basi, mtu wa Embulbul ataipata wapi? Madukani, katika chupa zilizotoka ng'ambo, na za karibu zaidi ni za Afrika Kusini. Kwenye bonde la Hemel-en-Aarde, nyuma ya mji wa Hermanus, Tim Hamilton Russell alinunua ardhi mwaka 1975 akitafuta mahali pa baridi kuliko mashamba ya kawaida ya Rasi. Huko upepo wa bahari hufanya kazi inayofanywa na mwinuko kwetu. Wengi wetu, hata hivyo, tumeshakunywa mtoto wa pinot noir bila kujua. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichavusha pinot noir kwa cinsaut, iliyoitwa huko hermitage, akapata mbegu nne, na kutokana nazo ikazaliwa pinotage. Mtoto alirithi uvumilivu wa joto upande mmoja, na upande wa pili kitu cha harufu ya matunda mekundu, ingawa rangi yake imekolea na mara nyingi ina moshi. Kuziweka glasi mbili kando, ya mzazi na ya mtoto, ni somo zuri kwa anayeanza.

Kuhusu glasi: Kitengela, ng'ambo ya Mbuga ya Nairobi, karakana iliyoasisiwa na msanii Nani Croze imejulikana kwa vioo vya rangi, na mwanawe Anselm hupuliza glasi kutokana na vioo vya madirisha vilivyotumika. Ni nzito, zina viputo ndani, zinapendeza mkononi, na ningezitumia kwa shiraz na nyama kila Jumapili. Kwa pinot noir ningechagua glasi nyembamba ya kioo cheupe, pana tumboni na iliyobanwa mdomoni, kwa sababu rangi hafifu inataka kuonekana na harufu inataka pa kukusanyika.

Joto la kuinywea ni nyuzi 13 hadi 16. Julai huku Embulbul, chupa iliyolala kabatini usiku kucha huwa tayari, hakuna friji inayohitajika. Februari mjini Kitengela, iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Hili ni jambo dogo linaloharibu chupa nyingi, maana pinot noir ikipata joto la chumba cha mchana harufu ya spiriti hupanda na kufunika mengine yote.

Mimina kidogo, robo ya glasi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Utaona rangi ya rubi inayopitisha mwanga, na kwa aliyezoea mvinyo mzito mweusi itaonekana kana kwamba mtu ameongeza maji. Zungusha, nusa kabla ya kunywa, na ukae hapo. Kwa mvinyo huu pua ina kazi kubwa kuliko ulimi. Vitabu vya Ulaya vitakutajia cheri na rasiberi, matunda ambayo wengi wetu tumeyaona kwenye picha tu. Tafuta unayoyajua: forosadi nyekundu kabla haijawa nyeusi, plamu za Kinangop zikiwa bado na ukali, maua makavu ya rosela yaliyotiwa maji moto. Chupa ikiwa na miaka kadhaa, matunda hurudi nyuma na unakuja uyoga, majani yaliyooza msituni, ardhi baada ya mvua ya kwanza. Kisha kunywa, uache mvinyo upite chini ya ulimi. Uchachu utakufanya udondoshe mate. Ukakasi utakuwa kidogo, kwenye fizi tu. Ukihesabu hadi kumi baada ya kumeza na bado unaisikia ile plamu, una chupa nzuri.

Chakula? Mbavu za mbuzi zilizochomwa mpaka mafuta yakawaka, kama zinavyouzwa kote Ngong na Kiserian, zinaishinda pinot noir; hizo zipe shiraz. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole, mukimo wenye majani ya maboga, uyoga wa kukaangwa kwa siagi, maharagwe mekundu yasiyo na pilipili: hapo huu mvinyo unakaa vizuri.

Na asiambiwe mtu kwamba watu wa vilima hivi ni wageni katika kuonja. Wakikuyu wamechachusha muratina kwa tunda la mti wa mwegea, Wamaasai wakachachusha asali kwa mizizi ya shubiri, na wazee waliopewa kibuyu cha kwanza walijua kutofautisha asali ya msimu mmoja na ya mwingine, pombe iliyowahishwa na iliyosubiriwa. Maarifa hayo ndiyo yaleyale anayoyahitaji mwonjaji wa pinot noir, na huyapata bila kwenda shule ya mtu.

Kilichobaki ni jaribio. Mwaka 1966 David Lett alipanda pinot noir kwenye vilima vya Dundee, Oregon, mahali ambapo wataalamu walipaona pa baridi na mvua mno; mwaka 1979 mvinyo wake wa 1975 uliingia katika kumi bora kwenye shindano la Paris. Mfano wa karibu zaidi na hali yetu uko Boyacá, Kolombia, nyuzi 5 hivi kaskazini mwa ikweta, ambako pinot noir ilipandwa miaka ya 1980 kwenye mita karibu 2,500. Kimo hicho kinapita kilele cha Ngong, chenye mita 2,460.

Embulbul yenyewe imechelewa. Ardhi imekatwa ploti za hamsini kwa mia, na gorofa zinapanda mahali palipokuwa na malisho. Ningelipeleka jaribio hilo upande wa Kona Baridi, ambako barabara ya Magadi inaanza kuteremka. Vilima hukinga sehemu ya mvua, na upepo uleule unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen juu ya Ngong ungekausha majani kila asubuhi kabla ukungu haujageuka ubwiri. Nusu ekari ingetosha kuanzia. Mistari ielekezwe upepo unakotoka, miche iwe imeunganishwa kwenye mashina yanayostahimili wadudu wa udongo, neti ziwekwe dhidi ya kuzumburu, na mkasi uingie wiki ya kwanza ya Septemba. Mzabibu hutoa mavuno ya kwanza ya maana mwaka wa tatu. Mvinyo huo ukae mwaka mmoja kwenye pipa la mwaloni lililokwishatumika, kisha chupa zifunikwe kwa karatasi na kuwekwa mezani pamoja na za Hemel-en-Aarde na za Burgundy, mbele ya waonjaji waliozaliwa hapa, wakiwa na kalamu na ndoo ya kutemea.